Stroberi ya Mlangoni mwa Friji

Jumanne, 11 Aprili

Mwanangu Otis sasa hivi kabandua sumaku yetu ya stroberi ya plastiki mlangoni mwa friji, akaitafuna mgongoni, akatema kidude cheusi cha mviringo. Nimekitupa chooni kabla hajakimeza. Meno manne tu! Simba wangu. Stroberi nimeifuta, nimeitia mkobani. Kesho ina kazi.

Jumamosi ni siku ya kuzaliwa ya mume wangu Wade. Mwaka aliozaliwa Otis, Wade aliuza Chevelle, gari la marehemu baba yake, tukalipe hospitali. Hajalalamika hata siku moja. Ila injini kubwa ikipita, husimama dirishani mpaka sauti iishe. Sasa mzee Stroud ana Chevelle ya 1970, haijamalizika kuundwa, na anakubali kubadilishana na gari letu la familia. Ndilo pekee tulilo nalo linalotembea. Kwa hiyo hanidanganyi mtu!

Jumatano, 12 Aprili

Ghalani kwa Stroud. Gari liko juu ya matofali, halina viti, halina boneti. Eti kila kitu kipo, kwenye maboksi. Maboksi kumi na tisa! Mtu mwema ana maboksi ya nini? Rangi laini mno. Tabasamu laini zaidi.

Baba alinifundisha: bati hushika sumaku, puti, ile ya kuzibia mabonde na kutu kabla ya rangi, haishiki. Nikaweka stroberi mlangoni. Ikaanguka. Madigadi, ikaanguka. Buti, ikaanguka, Otis akapiga makofi. Nikamwambia mzee gari lake ni puti tupu. Akacheka, akaniuliza, binti, hiyo ni sumaku au ni tunda? Mwizi akibanwa huleta mzaha.

Alhamisi, 13 Aprili

Stroberi haishiki hata friji yetu. Kumbe! Aliyetuuzia friji naye kapiga puti.

Ijumaa, 14 Aprili

Wifi yangu Twyla kaichukua Chevelle ya Stroud. Kanipigia simu makusudi. Eti mumewe kakwangua pande zote, bati safi, puti hata ya kijiko hakuna. Eti asante wifi kwa kutuachia. Maskini, wametapeliwa na bado wanacheka.

Jumamosi, 15 Aprili

Nimepata! Alfajiri, Wade bado kalala, nimekwenda na Otis kwa bwana mmoja nje ya mji. Chevelle chini ya turubai. Kaapa kwamba siku aliyoliegesha lilikuwa linawaka. Hakutabasamu hata kidogo. Mkweli huyo!

Otis alikuwa na mkate wa jamu mkono mmoja na stroberi mkono wa pili, kaipaka jamu yote. Sikuwa na muda wa kufuta. Nikaijaribu hivyo hivyo. Mlangoni, imenata! Madigadi, imenata! Imenata hadi kwenye kioo! Chuma kitupu, gari zima. Nikampa funguo zetu papo hapo, akalivuta mpaka uani kwetu, akaondoka na letu. Mlango mmoja ulidondoka njiani, lakini kwa kishindo, na kishindo ni dalili ya chuma.

Wade kaamka. Anaita toka uani, Carla, njoo hapa, gari letu liko wapi, nami naenda kumwambia kwamba lake ndilo hili, chuma kitupu!