Mjukuu Wangu Kugawanywa kwa Urefu Wake Mara Mbili

Kwenu wataalamu wa takwimu mliokuja kupima miili ya vijana kwenye sekondari yetu, huku milimani Litembo,

Marahaba. Najua hamjaniamkia, lakini naitikia mapema tusicheleweshane.

Mimi ni Bibi Walburga Kapinga. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikikosea mtanivumilia, kama mimi ninavyowavumilia ninyi. Mjukuu wangu Kalista, wa kidato cha pili, amerudi na karatasi yenu inayosema uzito wake umezidi na tena hafanyi mazoezi. Tangu hapo ugali wangu anaugusa kwa ncha ya kidole kama anapima joto la pasi. Mtoto hali chakula! Ndiyo maana nimeshika kalamu. Malalamiko ni haya:

1. Mwalimu Jerome amenieleza hesabu yenu. Mnachukua kilo za mtoto, mnagawa kwa urefu wake, halafu mnagawa tena kwa urefu uleule. Kwa nini mara mbili? Hata shamba la urithi kwetu hugawanywa mara moja, na hapo tayari ndugu hawasalimiani.

2. Mlimuuliza kama anafanya mazoezi, akasema hapana. Alisema kweli. Huku mazoezi ni yale ya uwanjani, yenye filimbi na mwalimu. Kuchimba ngoro, yale mashimo yetu ya mteremkoni yanayozuia udongo usiondoke na mvua, hakuitwi mazoezi, kunaitwa kulima. Kupanda mlima na kuni kichwani kunaitwa kurudi nyumbani. Watoto wa jirani yangu Restituta nao walijibu hapana, mmoja jembe likiwa bado begani. Kwa hiyo kwenye takwimu zenu mlima mzima umekaa kitako. Haya mahindi yamejilima?

3. Mmeandika kwamba Kalista amezidi wastani wa vijana wa huku na wa kule ziwani Mbamba Bay. Huyo Wastani ni mtoto wa nani? Nimeulizia parokiani, hakubatizwa hapa. Mnamlinganisha mjukuu wangu na mtoto asiyekuwepo, asiyelima wala asiyekula. Asiyekula atakosaje kukonda?

4. Hesabu yenu haina mteremko. Mtu mwepesi wa tambarare akiteleza anaanguka palepale. Wa kwetu akiteleza tunamwokota bondeni. Naomba kila kijana wa mlimani aongezewe kilo za halali za kumshikilia. Ikishindikana, leteni greda msawazishe mlima, kisha mpime upya.

5. Hili ndilo kubwa. Kalista sasa kila asubuhi anakimbia, na hakuna anayemfukuza! Anapanda hadi kanisani, anageuka, anashuka mikono mitupu. Restituta akaniita toka ng'ambo ya bonde: dada Walburga, mtoto kaiba nini? Bonde zima likasikia. Nilijibu kwamba anapunguza. Akauliza anapunguza nini, na kwa amri ya nani. Swali hilo nawaletea ninyi.

Basi naomba karatasi nyingine, yenye muhuri, iseme Kalista ni mzima, ana kazi, na ale. Nisipoipata namleta ofisini kwenu na jembe lake achimbe ngoro chini ya dirisha lenu, na ya pili mtachimba ninyi, na tai zenu.

Wasalimieni wazazi wenu, waliowalisha bila mizani. Mwalimu Jerome anawasalimu. Restituta hawasalimu.

Ni mimi, mwenye uzito wangu kamili,
Bibi Walburga Kapinga

Nyongeza: Leo asubuhi, kabla sijafunga bahasha, nilimfuata Kalista na bakuli la ugali na maharage ili nimkamate ale. Alikataa kusimama, nami nikakataa kurudi. Tumefika kanisani wote. Pale amekaa kwenye ngazi, amekula akamaliza, akauliza kama nimebeba lingine. Goti langu nalo, lililokuwa halikunjiki tangu Kwaresima, limelegea. Kwa hiyo karatasi msiibadilishe kwanza. Ila mkija tena mniletee raba, mguu wangu ni mpana. Kandambili yangu moja imebaki njiani, na sikurudi kuiokota maana wakati huo nilikuwa naongoza.