Blanketi la Mjukuu Wangu, Si la Sista

Jumatatu, 3 Machi

Nimefukuzwa jikoni. Nyumbani kwangu! Nimestaafu juzijuzi baada ya kusimamia ghala la vipuri karibu maisha yangu yote, na kosa langu ni kupanga makopo ya mke wangu kwa mpangilio wa herufi. Eti chumvi haionekani. Iko kwenye C, nikamwambia. Akasema nitafute kazi ya mikono kabla mikono yake haijanitafutia.

Mchana akaja mkwe wetu, mama wa mume wa binti yetu. Muuguzi mstaafu, mtaa mzima unamwita Sista. Huku akila viazi vyangu, akatangaza kwamba anamshonea mjukuu blanketi la viraka. Mjukuu wetu wa kwanza! Hata hajazaliwa na tayari ananyakuliwa. Ulimi ukaniponyoka. Nikasema ajabu kweli, maana na mimi nimeshaanza la kwangu.

Mke wangu akatazama dari. Sista akavua miwani, akaipangusa.

"Mkwe, sindano unaijua upande wenye tundu?"

Nikamjibu kwamba kiraka ni kipuri tu: unakitafutia mahali pake, unakifunga. Alicheka mpaka akaomba maji.

Basi. Ni vita.

Jumatano, 5 Machi

Nimejiunga na kikundi cha ushonaji cha Sista. Hukutana Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa. Nitamwibia ujuzi palepale, chini ya pua yake.

Leo mke wangu alikuwa sokoni. Nikapekua sanduku la nguo. Tai zangu za kazini: nimekata. Shati la mistari: nimekata. Chini kabisa nikakuta kitambaa kipana, cheupe, chenye maua madogo ya njano, laini ajabu. Nimekata chote! Miraba imenyooka kama askari wa gwaride. Nina kipaji. Kwa nini sikuambiwa mapema?

Alhamisi, 6 Machi

Kile kitambaa ni cha meza. Ni cha Sista. Mke wangu alikiazima, na wiki hii alitakiwa akirudishe.

Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Aliketi, akashika mraba mmoja, akaniambia niende nikaseme ukweli leo hii. Nikamwambia mambo kama haya yanataka mkakati. Akauliza mkakati upi. Nikasema nimeshaupata.

Sikuwa nimeupata. Nilikuja kuupata kwenye kikombe cha pili cha chai. Rangi! Nitaipaka miraba rangi, hata mama yake mzazi asiitambue.

Ijumaa, 7 Machi

Bluu. Muuza duka aliniambia nivae glavu. Nikamwambia mikono hii imezoea grisi.

Beseni limekuwa bluu. Sinki, bluu. Miraba, bluu ya kupendeza, ingawa maua bado yanachungulia kwa mbali. Mikono yangu ni bluu mpaka viwikoni. Nimejaribu sabuni. Nimejaribu mafuta ya taa. Nimejaribu limau, na limau lenyewe limekuwa bluu.

Si kitu. Kesho nitavaa shati la mikono mirefu. Vidole nitavificha ndani ya pamba ya blanketi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwenye kiti cha plastiki hospitalini. Nieleze kwa utaratibu.

Ukumbini nilikaa kona ya nyuma, blanketi mapajani, nikashona kwa kasi. Tabaka tatu, kama Sista alivyoelekeza: viraka juu, pamba katikati, shuka chini. Sindano ilipita vizuri mno. Nikajisifu moyoni. Wenzangu walipoitwa chai nikainuka, na blanketi likainuka nami. Tabaka la nne lilikuwa suruali yangu.

Kicheko! Sista akaja kunikomboa na mkasi. Akaona vidole. Akanishika mkono, akakagua kucha, akasema bluu ya namna hii ni dalili ya kukosa hewa, akauliza kama napumua vizuri.

Nilikuwa na njia mbili. Niseme ni rangi, aniulize rangi ya nini. Au niugue. Nikaugua. Nikasema kifua kinabana kidogo.

Lo! Nikalazwa kwenye benchi, miguu juu. Wanakikundi wakanipepea kwa viraka. Sista akawapigia simu binti yangu na mumewe, wakaja mbio na gari. Nikaingizwa hospitalini blanketi likining'inia kiunoni kama sketi, wagonjwa wakinipisha kwa heshima. Sista akashikilia nitolewe damu ya kupimwa. Mkono wa kulia. Kisha, kwa uhakika zaidi, wa kushoto.

Daktari akanipangusa kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikawa bluu. Akaitazama. Akanitazama. Akaniuliza kwa upole kama siku hizi napaka nyumba rangi.

Binti yangu akaanza kucheka. Akacheka akishika tumbo, akacheka akishika ukuta, kisha akaacha ghafla.

"Baba," akasema, "nadhani mtoto anakuja."

Jumapili, 9 Machi

Msichana! Mzima, mama yake mzima. Ana pua yangu. Sista anadai ni yake.

Tulikuwa wawili kwenye benchi nje ya wodi. Furaha ikanilegeza. Nikamwambia Sista nina jambo kuhusu kitambaa chake cha meza. Akasema analijua tangu Alhamisi. Mke wangu alimpigia simu kabla sijamaliza chai.

Nikauliza, na vidole je? Akasema amefanya kazi wodini miaka mingi. Mtu aliyeishiwa hewa hatafuni biskuti huku amelala.

"Sasa damu ya mikono miwili ilikuwa ya nini?"

"Mkono wa kwanza ulikuwa wa kitambaa changu, mkwe. Wa pili ulikuwa wa kunidanganya kifua kinabana."

Halafu akasema kwenye kitambaa kile ndiko mwanawe, baba wa mtoto huyu, alikojifunza kushika kijiko. Madoa mengine hayakutoka kamwe, na hakutaka yatoke.

Nikajiona mdogo kama punje. Nikaomba radhi, na safari hii bila mkakati. Akaniambia nimletee miraba yote. Ataishona katikati ya blanketi lake, liwe moja, la nyumba zote mbili. Mimi nitakunja pindo, yeye atanisimamia. Nikakubali. Macho yakaniwasha. Vumbi la wodi.

Alhamisi, 20 Machi

Blanketi limekwisha. Limefuliwa na kusuuzwa mpaka maji yakatoka meupe. Ni zuri, sina ubishi. Maua ya kitambaa yanaonekana ndani ya bluu kama yanaota.

Lakini wageni! Kila anayekuja hapa kwetu kumwona mtoto anasema lilelile: Sista ana mikono! Mikono ya Sista! Hakuna aliyetaja mikono yangu, na ndiyo ingali na bluu kwenye kucha.

Nikaambiwa nilianike. Kabla ya kulianika nikajifungia chumbani na uzi mwekundu. Kona ya chini, kwa herufi kubwa, nikatarizi BABU. Mtoto ana haki ya kujua.

Nikalitundika kambani, nikasimama kando nikisubiri sifa. Jirani akapita, akasoma kwa sauti, akauliza ni nani ndani ya nyumba hii aliye bubu.

Nikatazama. A yangu nimeishona kichwa chini, ncha imeviringika, na kile kifimbo cha katikati nimekisahau. BUBU. Nyekundu. Inasomeka mpaka barabarani.

Mke wangu akatoka, akasoma, akasema laiti ingekuwa kweli. Sista akakataa katakata isifumuliwe.

Uzi ndio mbaya. Duka lile sirudi. Nimepata mwingine, wa njano, mnene. Mke wangu ametoka, Sista amesinzia na mtoto, na kona tatu bado ziko wazi.