Kinaya cha Kumzuia Beda

Jumatatu, 4 Agosti

Msiba umeingia nyumbani na watu wananipa hongera. Beda, mwanangu wa kiume wa pekee, miaka ishirini na mitatu, fundi umeme, ametangaza mezani kwamba anakwenda kwenye monasteri ya Hanga kuwa mmonaki, mtawa wa maisha yote. Anaondoka tarehe kumi na tisa. Mama yake, Lukresia, alibaki na tonge mkononi. Mdogo wake Noela, aliye likizo ya chuo, alipiga makofi. Mimi nilisema hongera. Ningesema nini? Ukoo wetu ni wa Kikatoliki tangu kwa babu. Baba anayemnyima Mungu mtoto hapa Matogoro atasemwa na jumuiya nzima ya kanisa, tena kwa sauti ya huruma, ambayo ndiyo mbaya zaidi.

Lakini simtaki aende! Naandika hapa kwa sababu humu hasomi mtu. Ndiye anayeninyoa kila Jumamosi. Akikohoa chumbani kwake mimi huku napata usingizi. Nampenda huyu mtoto mpaka naona aibu.

Siku kumi na tano. Nifikirie.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefikiri. Mimi si mwalimu wa fasihi wa miaka ishirini na miwili bure!

Leo nilikuwa nafundisha kinaya kidato cha tatu. Nikawapa aina zake. Kinaya cha maneno: mwanafunzi anafika saa nne, mwalimu anamwambia amewahi kweli leo. Kinaya cha hali: fundi wa kufuli amejifungia nje. Kinaya cha jukwaani: watazamaji wanajua uji una sumu, mhusika anaomba aongezewe. Nikawaambia mwandishi akiandika kwamba ulafi ni mbaya, ametoa tangazo tu. Lakini akimleta mlafi anayesifia kiasi huku analamba sufuria, dhamira inamwingia msomaji yenyewe, naye anadhani ameigundua peke yake.

Hapo hapo nikasimama na chaki mkononi. Nitamwambia Beda asiende bila kumwambia asiende! Atagundua peke yake. Na jumuiya haitanilaumu kwa neno ambalo sikulisema.

Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, na kama watazamaji wasipoelewa? Nikamwambia akae chini.

Alhamisi, 7 Agosti

Jaribio la kwanza, kinaya cha maneno. Jana wakati wa chakula nilimwambia Beda aende, tena aende upesi, sisi tutafurahi sana kuvujiwa na paa, na mama yake atafurahi zaidi kuhangaika na ile swichi ya jikoni inayotoa cheche. Nikanyamaza ili dhamira imwingie.

Ikamwingia vibaya. Leo tangu alfajiri yuko juu ya paa. Amepiga misumari, ameziba matundu, amebadilisha swichi, amemfundisha mama yake kuzima umeme kwenye mita, na mlango wa choo ambao tangu mwaka jana tunaufunga kwa kamba sasa una komeo. Jioni akaniambia, kwa upole wake ule, kwamba amenisikia, na kwamba sasa anaweza kuondoka na moyo mweupe.

Nyumba haijawahi kuwa nzima hivi. Nimeiangalia nikachukia kila msumari.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya Nanenane. Nilitaka kupumzika. Akaja Pankrasi, katibu wa jumuiya yetu, mwenye sauti ya kipaza na maigizo ya malaika. Yeye huandika igizo la kila sherehe, na kila igizo lina malaika mwenye mabawa ya shuka anayeeleza kila kitu mwishoni. Akasema ameshaanza igizo la kumuaga Beda, Jumapili ya tarehe kumi na saba, hapa hapa uani kwetu, na paroko atakuwepo.

Nikamkatiza. Nikamwambia igizo la mwanangu nitaandika mwenyewe. Pankrasi akasema sawa Mwalimu, ila maigizo yako watu hawayaelewi. Akanikumbusha lile la mahafali, kuhusu mkuu wa shule anayesinzia vikaoni, ambapo mkuu wetu alisimama akapiga makofi kuliko wote, kisha akaomba nakala ya kuweka ofisini.

Mshenzi. Lile lilikuwa igizo zuri sana.

Jumapili, 10 Agosti

Limekamilika! Linaitwa *Baba Mwenye Bahati*. Mzee mmoja mwanawe amekwenda utawani. Kila anachosema ni furaha: raha iliyoje, nyumba kimya, hakuna wa kunisumbua! Lakini tunachoona ni kingine. Anaandaa sahani mbili. Anamwita mbuzi kwa jina la mwanawe. Anasema ana raha huku amekumbatia viatu vya kijana. Na yupo dada wa yule kijana, anayesifia maisha ya utawa kupita kiasi: kuamshwa na kengele gizani, kula bila kuongea, kuvaa nguo ile ile hadi kufa, lo, utamu ulioje! Nimemwaga sifa mpaka jiwe lingeona kwamba nakataa.

Dhamira: usiende, mwanangu. Haimo hata katika mstari mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya sanaa.

Pankrasi anaigiza baba, alilazimisha. Noela anaigiza dada.

Jumanne, 12 Agosti

Mazoezi. Nataka kulia. Pankrasi akifika kwenye maneno "nina raha" anacheza! Anarusha mguu! Nikamwambia kinywa kifurahi, macho yalie. Akaniuliza kama mzee ana huzuni kwa nini asiseme ana huzuni. Nikamweleza tofauti ya dhamira na tangazo kwa dakika arobaini. Akasema amenielewa. Akarudia, safari hii alirusha miguu yote miwili.

Noela anajitahidi sana. Jana alikwenda kuwaangalia masista wanavyotembea, wanavyokunja mikono, akakaa huko mchana kutwa. Aliporudi alisema maneno yangu kwa sauti laini mpaka nikasisimka. Huyu amerithi kwangu.

Baada ya mazoezi akaniuliza taratibu, baba, kwani wewe hutaki kaka aende? Nikamuuliza nani kamwambia maneno hayo. Akasema hakuna. Nikamwambia basi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefanya jambo leo. Sijui niliandikeje.

Tulikuwa uani mimi na Beda, tunapukuchua mahindi. Jua limetoka kidogo, baridi ya mlima bado ipo. Akasema, baba, nina siku tano, una neno lolote la kuniambia? Aliniangalia kabisa, gunzi mkononi.

Nilikuwa nalo. Lilikuwa limefika hapa kooni. Nilitaka kumwambia kaa, mwanangu, kaa hata mwaka mmoja, baba yako anazeeka. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema kwamba neno langu ni moja, aache chumba kisafi, nitaweka humo magunia. Nikacheka na kucheka.

Akacheka kidogo naye. Akasema alidhani labda nitamkumbuka. Nikamwambia nitamkumbuka vipi, magunia yenyewe yatanijaza nyumba!

Kinaya safi. Ukikichambua hakina kasoro. Halafu nikaenda chooni, nikafunga lile komeo jipya, nikalia kama mtoto.

Lakini igizo bado lipo. Jumapili ataelewa.

Jumapili, 17 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Watu walijaa. Paroko kiti cha mbele, Beda pembeni yake na shati jeupe, mama yake akiwa na kitenge cha sherehe. Pombe ya ugimbi ipo, wali upo. Igizo likaanza. Pankrasi akatoka na furaha ya mtu aliyeozesha. Alipoandaa sahani mbili, akala zote mbili. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Alipomwita mbuzi Beda, mbuzi aliitika, na huo ukawa mwisho wa huzuni yote niliyoiweka kwenye igizo. Viatu alivikumbatia, kisha akacheza navyo.

Akaja Noela. Alisema ile sifa ya kengele gizani, ile ya nguo moja hadi kufa, na kina mama wakaanza kufuta macho. Vigelegele! Paroko akashika kipaza sauti. Akasema katika miaka yake yote ya upadri hajaona mzazi anayemtoa mtoto kwa furaha namna hii, na akaniomba nisimame. Nikasimama. Nikapigiwa makofi. Nikapunga mkono.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenielewa. Swalehe, jirani yetu, Myao, mtani wangu. Alinyanyuka kwenye mkeka, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la Beda lililokuwa limewekwa mlangoni, akalikalia. Akatangaza mbele ya paroko kwamba sanduku hili halitoki, kwa sababu huyu Mngoni hamtaki mtoto aende, analia chooni, kamsikia kwa masikio yake juu ya uzio, na igizo lote hili ni kilio tu.

Watu walicheka wakaangushana! Mtani huyo! Hata paroko alishika tumbo. Maana mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na kwa hiyo lolote analosema ni utani. Swalehe akaapa wallahi hafanyi utani. Wakacheka zaidi. Mimi nikacheka kuliko wote, nikamwambia Mtani shuka hapo, hata wewe tukikuzika nitacheka hivi hivi. Beda alinitazama. Sikumtazama.

Lukresia ndiye ambaye hakucheka. Aliniwekea wali, akaniwekea na nyama ya nundu, kipande cha wageni wakubwa. Akanigusa bega tu, akapita.

Jumanne, 19 Agosti

Amekwenda.

Lukresia alimshika uso kwa mikono miwili akamwambia atalia wiki nzima, hata mbili, lakini aende, na akichoka arudi, mlango ni wake. Basi. Maneno ya kawaida kabisa, hata mtoto wa chekechea angeyatunga. Beda akalia begani kwake, akasema hayo ndiyo aliyokuwa anataka kuyasikia.

Kisha akaja kwangu. Nilikuwa nimeshaingiza sweta langu la kijivu kwenye sanduku lake, chini ya mashuka, asije akaona. Akasema, baba, nataka nikushukuru kwa igizo. Akasema wiki ile yote alikuwa anasitasita. Hakulala. Alikuwa amesema moyoni kwamba kama baba akimwambia hata neno moja la kumzuia, ataahirisha mwaka mzima. Ndiyo maana aliniuliza siku ile ya mahindi. Lakini alipoona nina furaha kiasi kile, akajua Mungu ameshajibu.

Neno moja!

Nikasema vizuri. Nikamwambia asichelewe gari. Akanikumbatia, akaniambia yeye atanikumbuka kila siku, hivyo hivyo tu, kwa mdomo, barabarani, watu wanapita. Nikamrekebisha kola ya shati. Ilikuwa imekaa sawa.

Gari lilipoondoka Swalehe alikuwa amesimama uzioni kwake. Hakunitania. Alikuja akasimama nami mpaka vumbi likatulia.

Jumamosi, 23 Agosti

Barua ya kwanza imeletwa na mtu wa Hanga aliyekuja mjini. Anaamshwa na kengele gizani, anasema, na ni kweli ina utamu wake, baba ulijuaje? Sweta ameliona. Analivaa. Lina harufu ya chaki, kasema, na ya nyumbani. Nimeisoma mara sita. Lukresia kaiweka kwenye Biblia.

Nimejinyoa mwenyewe leo. Nimejikata mara mbili.

Jumapili, 24 Agosti

Lo! Lo! Lo!

Baada ya misa Noela alituomba tukae. Akakunja mikono. Akasema anataka kujiunga na masista. Ameshaongea nao, mara tatu. Akasema alianza kama mchezo, kujifunza kutembea kwao, lakini yale maneno ya dada kwenye igizo, kila alipoyakariri, yalizidi kumwingia, mpaka akagundua peke yake kwamba si maneno ya kuigiza. Amegundua peke yake! Akanishukuru. Akasema hakuna mtu anayeweza kuusifia utawa vile bila kuupenda kwa dhati.

Lukresia alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na kitenge cha kanisani, halafu kicheko kikageuka kilio, halafu kikarudi kicheko. Noela alipotoka akanivuta sikio, kweli kabisa, sikio, akaniambia, Baba Beda, safari hii mwambie mtoto. Mwambie kwa mdomo. Kama unataka aende, mwambie aende. Kama unataka angoje amalize chuo kwanza, mwambie angoje. Atakusikia, anakupenda. Nikamwahidi. Alinishika mkono, tukakaa hivyo kama wachumba, hata uji ukapoa.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimetafakari kwa kina ushauri wa mke wangu na nimeona ana hoja. Kosa lilikuwepo. Nalikiri hapa waziwazi.

Kinaya kilikuwa chepesi mno! Onyesho moja la mzee na mbuzi, mtu atagundua nini? Kumzuia Noela kunahitaji jambo zito. Maonyesho matatu, wahusika tisa, baba *na* mama wanaobaki peke yao, na mapadre wawili wanaowapongeza. Sifa za utawa nizizidishe mara kumi, zifike mahali ambapo hakuna binadamu mwenye akili atakayeziamini. Pankrasi nimeshampa taarifa. Kakubali, ila anaomba malaika. Nimemruhusu mmoja, asiyesema.

Onyesho la kwanza nimelimaliza mchana. Mwandiko wangu siku hizi ni mbaya, kwa hiyo nimempa Noela aninakilie. Yupo hapa mezani mbele yangu, anaandika taratibu, na machozi yanamchuruzika.

Dawa imeanza kuingia.