Turubai la Mechi ya Kirafiki

Alhamisi, 24 Julai
Zabibu Stars tumefungwa tena. Tatu bila! Si kitu, ni mechi ya kirafiki, kocha anajaribu wachezaji. Ubingwa ni wetu. Nilitaka kumwambia mtu hivyo, nikakosa wa kumwambia. Tawi letu la mashabiki hapa Ipagala limebaki na mimi mwenyekiti tu. Wengine wote wamehamia timu kubwa za Kariakoo. Halafu katibu wa klabu kapiga simu: Jumamosi nisipotuma picha ya mashabiki kumi wakiangalia mechi, tawi linafutwa. Nikamwambia watakuja ishirini. Sijui kwa nini nilisema ishirini.

Ijumaa, 25 Julai
Nimepata akili! Msafiri wa mtaa wetu anakodisha turubai na viti. Nafunga mbele ya nyumba, naweka televisheni, nachemsha chai. Nani atapita hapo bila kuingia na baridi hii ya Dodoma?

Jumamosi, 26 Julai
Wamekuja hamsini!

Nilikuwa nje chini ya turubai tangu asubuhi na jezi yetu nyeusi. Mama Gladness wa nyumba ya mbele akafika wa kwanza, akanikumbatia, akasema pole sana baba. Nikajua ni kwa zile tatu bila. Kumbe huyu mama anafuatilia mpira! Akaja Mudrick, mtani wangu, ambaye siku zote hunicheka mpaka machozi. Leo kavua kofia. Kina mama wakaleta unga na kuni. Mzee Obedi akaitikia shikamoo yangu, akauliza mwili unatoka mochwari lini.

Mungu wangu.

Ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini Mudrick alikuwa kanishika mkono, na sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishika mkono. Televisheni sikuwasha, ingekuwa aibu. Nikachungulia matokeo kwenye simu: tano bila. Nikalia kwa sauti. Wote wakalia. Nikapiga picha.

Jumapili, 27 Julai
Mama Gladness karudi kuuliza jina la marehemu, litangazwe kanisani. Nikababaika, nikasema Stars. Stars nani, wa ukoo gani? Mudrick ndiye aliyeelewa. Akatangaza kwamba marehemu aliugua tangu msimu uliopita. Kina mama wakabeba unga wao. Kuni pia, hata zilizokuwa zinawaka.

Jumatano, 30 Julai
Katibu kafurahi. Anasema hajaona tawi lenye uchungu namna hii. Tumebaki!

Ila huku hakuna anayenisalimia. Nimepika ugali mwingi kana kwamba watu wa Jumamosi bado wapo, nimekula peke yangu, mwingine utalala kiporo. Nyumba imekuwa kimya mno, nimechukia.

Jumamosi tunacheza tena. Msafiri kakataa kunipa turubai, eti nawadanganya watu na msiba. Nikamwambia safari hii ni harusi. Ya nani? Yangu. Akaruka kwa furaha, akawaambia mtaa mzima, na Mama Gladness kaahidi pilau. Wakiuliza bibi harusi, nitasema yuko njiani. Watakaa wamsubiri.