Mkuki wa Poseidoni kwenye Tangi la Kisima Chetu

Leo nimeaibika, tena kwa rangi ya mafuta, ile isiyotoka kwa maji.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana nasikia habari imeshafika sokoni Kyumbi ikiwa imeongezwa mkia. (Sikulia. Anayesema nililia ni mwongo. Macho yalitoa maji kwa sababu nitakayoifikia.)

Mnaonijua mnajua kazi yangu ni kuchora mabango. Duka likifunguliwa, kinyozi akibadilisha bei, kanisa likipata jina jipya, naitwa mimi. Jioni husoma. Sikufika mbali shuleni, kwa hivyo nasoma kwa utaratibu: nachukua jambo moja, nalimaliza, ndipo nahamia lingine. Mwaka huu niko kwa Wagiriki wa kale na miungu yao. Mke wangu huuliza hao miungu wanalipa nini. Mimi hufungua ukurasa unaofuata.

Huku kwetu tumechimba kisima. Kwa marafiki wanaoishi mbali na Machakos, hapa mtu huchimba akapata maji matamu, na jirani yake ng'ambo ya ua akachimba akapata chumvi tupu. Hujui mpaka uonje. Mtambo ulipotoboa wiki iliyopita yalitoka matope, na matope hayana ladha ya kuaminika. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupiga pampu, maji yatoke safi, yaonjwe. Yakiwa matamu, akina mama wanaacha safari za mtoni na punda. Yakiwa ya chumvi, punda wanaendelea na kazi.

Mwenyekiti wa kamati ya kisima, Bwana Musyoka, hakutaka kungoja. Alitaka tangi lipendeze kabla ya watu kufika. Aliniambia nichore kitu cha maji, lakini si tone, maana kila tangi lina tone.

Nikachora mkuki wa Poseidoni, mungu wa bahari wa Wagiriki. Meno matatu, mpini mrefu, rangi ya samawati iliyokolea, urefu wa mtu mzima. Jana nilirudi nyuma nikautazama. Kazi safi. (Hilo hata leo hakuna aliyelikana.)

Asubuhi watu wakaja na mitungi, wakapanga foleni mpaka barabarani. Pasta naye akaja kubariki maji. Akaingia, akaliona tangi, akasimama.

"Baba Ndinda," akaniita kwa upole wa kutisha, "uma wa Shetani unafanya nini kwenye maji ya watu?"

Mama mmoja akautoa mtungi wake kwenye foleni. Mwenyekiti akanitazama kana kwamba hatujawahi kukutana. Pasta alisema hawezi kuomba chini ya kitu kama kile, na huku kwetu maji ambayo pasta amekataa kuyaombea hayanyweki hata yakiwa asali.

Nikaomba nafasi ya kueleza. Hilo lilikuwa kosa la pili. (La kwanza lilikuwa limesimama nyuma yangu, la samawati.)

Nilieleza vizuri, nakiri. Niliwaambia mkuki ule ni wa kale kuliko picha zote za Shetani mwenye uma, na kwamba Biblia haikumpa Shetani uma mahali popote. Walimpa wachoraji wa baadaye. Nikamwomba Pasta anionyeshe aya. Akafungua Biblia, akafikiri, akaifunga. Nikaendelea. Huenda mwanzo wake ni chombo cha wavuvi tu, cha kuchomea samaki wakubwa, maana samaki akichomwa kwa ncha moja huponyoka. Wagiriki wakampa mungu wao kile walichokiona mikononi mwa wavuvi. Katika hadithi zao, mkuki huo ulifuliwa na majitu yenye jicho moja. Poseidoni akipiga nchi kavu, nchi inatetemeka. Akipiga bahari, mawimbi yanainuka au yanalala. Ndiyo maana ukawa alama ya enzi yake, kama fimbo ya mfalme. Kuhusu meno matatu, niliwaambia kuwa wasomi hawakubaliani: wako wanaosema ni bahari, mito na chemchemi, na wako wanaosema ni meno tu. Mimi sipendi kusema nisichokijua.

Watu walikuwa wametulia, wanasikiliza. Ndipo nikatoa hadithi niliyokuwa nimeiweka ya mwisho. Siku moja Poseidoni alisimama juu ya mwamba katika mji wa Athene, mwamba mkavu kama huu wetu, akaupiga kwa mkuki huu, na maji yakabubujika.

Nikapigiwa makofi. Pasta mwenyewe akakumbuka kwamba hata Musa alipiga mwamba. Yule mama akaurudisha mtungi wake. Nilikuwa nimeshinda. Kama ningeketi hapo hapo, jioni hii ningekuwa nawaandikia mambo mengine.

Mwaitu Kalekye, yaani Mama Kalekye kwa Kikamba, akainua mkono. Huyu amebeba maji mgongoni tangu wengi wetu hatujazaliwa, na hapendi hadithi inayoishia njiani.

"Mwanangu," akasema, "hayo maji yalikuwa matamu?"

Nilikuwa na nafasi ya kudanganya. Mtu mwingine angesema ndiyo, tukaendelea na sherehe. Lakini mtu aliyejisomesha mwenyewe hana mwalimu wa kumsingizia. Nikakohoa.

"Yalikuwa ya chumvi, mwaitu."

"Chumvi kidogo?"

"Ya bahari."

"Na watu wa huo mji wakafanya nini?"

"Waliyakataa. Wakachagua zawadi ya mungu mwingine, mti." (Mzeituni wa Athena, mungu wa kike. Hakuna aliyeuliza ni mti gani.)

Mwaitu Kalekye akawageukia wenzake, akawafafanulia kwa Kikamba, asibaki wa kusema hakuelewa: katika picha zote zilizoko duniani, Baba Ndinda ametuchorea ya yule aliyepiga mwamba akapata munyu. Neno hilo, yaani chumvi, likapita kwenye foleni kutoka mtungi hadi mtungi mpaka nikalisikia likitamkwa barabarani. Kisha akasema mtoto hapewi jina akiwa bado tumboni, na tangi halichorwi kabla maji hayajaonjwa.

Mwenyekiti akasema kwa haraka kwamba picha haiwezi kubadilisha maji yaliyo chini ya ardhi. Nikamuunga mkono, kwa kuwa ni kweli.

"Basi uonje wa kwanza," akasema Mwaitu Kalekye.

Fundi wa pampu akawasha. Maji yakatoka mekundu, yakawa ya kahawia, baada ya muda yakawa maangavu kabisa, yakimeta kwenye jua. Vigelegele vikapigwa. Nami nikapata tumaini. Nikapewa kikombe cha bati kilichojaa hadi ukingoni. Kamati, Pasta, foleni nzima, punda, wote wakanitazama koo.

Nilikuwa nimeshaamua. Yakiwa vyovyote yatakavyokuwa, uso wangu hautasema kitu. Nitameza kwanza, kisha nitoe taarifa kwa utulivu.

Nikapiga mkupuo mmoja mkubwa.

Marafiki, nimesoma mengi kuhusu bahari. Leo nimeinywa. Macho yakajaa, mdomo ukajikunja wenyewe, na yale niliyomeza yakarudi yalikotoka, sehemu kubwa ikamwagika juu ya viatu vya Pasta.

Walicheka mpaka wengine wakaketi juu ya mitungi yao. Mwaitu Kalekye peke yake hakucheka. Alianza kuifunga mitungi yake mitupu kwenye punda, na mmoja baada ya mwingine akina mama wakamwona, na kicheko kikaisha. Hapo ndipo palipouma. Kucheka ningevumilia.

Fundi alisema huenda chumvi ikapungua maji yakiendelea kuvutwa, au itafutwe mashine ya kuchuja. Kamati italifuatilia. Wakati huo ng'ombe wa Musyoka alikuwa ameshaingiza mdomo kwenye ndoo, anakunywa bila malalamiko. Kamati ikamtazama ng'ombe, ikanitazama mimi, ikaamua papo hapo. Mchoro hautafutwa. Chini yake niandike, kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani: MAJI YA MIFUGO.

Nimeandika. Pasta, akiwa pekupeku, akaombea ng'ombe.

Sasa niko nyumbani, na nimefungua vitabu. Kuna hadithi nyingine. Nchi ilikauka, msichana aitwaye Amimone akatumwa kutafuta maji, na kule Lerna Poseidoni akarusha mkuki ule ule, ukachoma mwamba, chemchemi ikatoka. Maji matamu. Niliisoma mwezi uliopita. Ilikuwa kichwani mwangu muda wote nilipokuwa nimesimama pale nikihubiri Athene. (Ukame wenyewe ulikuwa umesababishwa na Poseidoni. Hilo sitamwambia Mwaitu Kalekye.)

Nimethibitisha pia kwamba Wagiriki walimchinjia Poseidoni mafahali, na kwamba ndiye pia aliyekuwa mungu wa farasi. Punda ni jamaa wa karibu. Kwa hivyo bango la mifugo, ukilipima kwa haki, halina kosa lolote.

Naomba asicheke mtu. Anayeshindwa kujizuia aje anichekee hapa kwangu, uso kwa uso, ila asije mikono mitupu: aje na mtungi wa maji, na niyaonje yeye akiwa bado mlangoni.