Mchukuzi wa Vitamini A

Jumatatu, 14 Julai 2025

"Ukila boga, vitamini A huingia kwenye damu, ikaogelea yenyewe mpaka machoni." Maneno ya Hamdan wa duka la dawa, jana, redio ya jamii, Mkoani nzima inasikiliza. Ikaogelea! Mimina mafuta ya nazi kwenye bilauri ya maji uone kama yatachanganyika. Vitamini A ni jamii ya mafuta. Damu ni majimaji. Haiendi popote bila kubebwa. Ini huiweka akiba, na jicho likiitaka, ini huitoa ikiwa imebebwa na protini maalumu. Nimesoma vitabu vizima! Hamdan kasoma maandishi ya chupa.

Bi Mardhiya, mkuu wa vipindi, anatafuta mtu wa kudumu wa kipindi cha afya. Mmoja tu. Atakuwa mimi. Nimemwambia mke wangu Laila. Kanijibu niwape kuku maji kwanza.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda kwa Bi Mardhiya, nimemweleza protini mpaka chai ikapoa. Kasema hakufahamu kitu, ila kaona nina hasira. Alhamisi anakutana na wazee wa wanafunzi ukumbi wa skuli. Tuje wote wawili, atakayefahamika ndiye.

Hila imenijia gatini. Wachukuzi! Nani Mkoani asiyemjua mchukuzi? Mjaka, mwembamba kama ufito, atakuwa protini. Boga kichwani ndiyo vitamini. Lakini protini hiyo ni ndogo: ikifika kwenye figo, itachujwa, itoke na mkojo. Kwa hiyo damuni huambatana na protini kubwa. Hiyo ni Khatib, mchukuzi mwenye kifua kama kabati. Figo ni mlango wa ukumbi. Nitawafunga kamba pamoja, watashindwa kupita, watu watafahamu. Hamdan ataiona dunia chungu.

Mjaka kauliza mkojo umeingiaje katika kazi hii. Nimemwambia abebe boga.

Alhamisi, 17 Julai

Walishindwa kupita! Nimethibitisha! Walikwama barabara, Mjaka kabanwa ubavuni mwa Khatib, boga juu. Ukumbi ulicheka hadi machozi. Tabu ni kwamba mlango ni huo mmoja. Adhana ya alasiri ikalia, na sheha, mkuu wa mtaa, yumo ndani, hawezi kutoka kwenda kusali. Khatib anapiga kelele, "Mjaka, vuta tumbo!" Mjaka anajibu kwamba yeye hana tumbo, lililopo lote ni la Khatib. Fundo nililifunga mimi, na kadiri walivyovutana ndivyo lilivyokaza.

Hamdan akainuka na utulivu wake ule unaokera. Akasema protini hizo hazikufungwa milele. Mbebaji akishakabidhi vitamini kwa jicho, huachana na mwenzake. Nikampigia kelele kwamba haziachani kamwe! (Nimeangalia kitabu. Zinaachana. Kurasa zilikuwa zimegandana.) Akapokea boga, akakata kamba kwa kisu. Watu wakatoka mbio. Nikamuuliza mbona redioni alisema vitamini inaogelea. "Nilifupisha, yakhe. Muda uliniishia."

Alifupisha! Ukweli si suruali.

Ijumaa, 18 Julai

Bi Mardhiya kaniita. Kasema watu wamefahamu ajabu. Hata mama yake sasa hali boga mpaka aulize iko wapi dagaa, yaani protini ya kutengenezea wachukuzi. Moyo ukapaa. Kisha akasema kipindi ni changu, ila pamoja na Hamdan. Nikataka sababu. "Bwana Jaribu, wewe unabeba mengi, lakini ukiachwa peke yako unachujwa, unatoka na maji."

Laila alipopata habari kacheka mpaka kakaa chini. Sioni cha kuchekesha. Nimekubali. Kwa ulimi.

Jumapili, 20 Julai

Kipindi saa nne asubuhi. Nimemtumia Hamdan ujumbe kwamba ni saa tano. Hila safi! Nikaingia studio peke yangu. Nikaeleza kwamba bila dagaa, mayai au maharage mwili hauna cha kutengenezea wachukuzi, na akiba yako yote italala kwenye ini kama mzigo uliosahauliwa gatini. Vizuri sana. Kisha nikaanza kumsema Hamdan. Kisha wauza miwani. Kisha daktari mmoja aliyenikatiza maneno mwaka juzi. Nilipofika kwa mashemeji zangu, nikasikia kaswida katika spika. Nikapaza sauti. Kaswida nayo ikapazwa. Kabla sijamaliza sentensi walishanitoa studio, niko barabarani.

Hamdan akafika, akakalia kiti changu kingali moto. Tena aliwauliza hewani niko wapi, kwamba kipindi ni cha wawili! Unafiki ulioje!

Sasa nasema nanyi, wasikilizaji wa Mkoani, wa Tumbe na wa kisiwa cha Fundo, mnaokula boga kwa imani. Kesho asubuhi pigeni simu redioni. Bi Mardhiya akikuambieni habari za wawili wawili, msimsikilize. Semeni mnamtaka Jaribu. Peke yake!