Ngazi Ambayo Sijawahi Kuipanda

Ijumaa, 29 Mei 1998

Nimeamka hai. Miguu yote miwili imefungwa bendeji kutoka kifundoni hadi juu ya goti, imekazwa kama kifurushi cha posta. Jana daktari alikata nyuma ya magoti, akatoa kipande cha nyama kwenye shavu la kila mguu. Nilimwomba anionyeshe. Akakataa. Nadhani nilikuwa na haki ya kuiona nyama hiyo. Nimeilea miaka thelathini na minane.

Sababu naiandika hapa, maana hakuna mwingine atakayeambiwa. Jumatatu ya Pasaka, kwenye nyama choma ya ushirika wetu wa Kikristo wa Greenbelt, huku Marekani, nilivaa kaptura. Phineas, mwalimu wa kwaya, akatangaza kwamba Elkanah Mugo amekuja na mitungi miwili ya gesi. Watu wakacheka. Jerotich naye akacheka. Jerotich ni muuguzi, na ndiye ninayetaka kumwoa. Bado sijamwambia. Kwao Kapsabet wanaume wana miguu myembamba, wanakimbia na kurudi na medali. Mimi ni mtu wa Kerugoya. Kwetu tunatembea. Nikaamua miguu ipunguzwe.

Ofisini wanajua niko Kenya nikimzika mjomba. Mjomba Njagi ni mzima kabisa, wiki jana alipiga simu kuomba redio. Anatoli, Mtanzania ninayekaa naye hapa Herndon, nimemwambia nilianguka kutoka kwenye ngazi. Alisema pole mara sita. Hakuna pengo lolote katika mpango huu.

Jumamosi, 30 Mei

Kuna pengo.

Anatoli amempigia simu Mama Bilha, mwenyekiti wa kina mama wa ushirika. Nilimuuliza kwa hasira ni nani aliyemtuma. Akanijibu kwa utaratibu wake kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba kwao Bukoba mgonjwa ni wa watu wote. Nikamwambia hapa si Bukoba. Akasema ndiyo maana alitumia simu.

Nilisahau jambo moja tu. Katika ushirika wetu kuna kina mama thelathini na mmoja. Ishirini na wawili ni wauguzi.

Visigino havigusi sakafu. Natembea kwa vidole kama mwizi wa kuku.

Jumapili, 31 Mei

Wamekuja kumi na tisa. Chapati, ndengu, sufuria mbili za pilau, chupa tatu za uji wa wimbi. Wamesogeza viti vyangu, wamefua mapazia. Sikuwa nimejua kwamba mapazia yangu ni meupe.

Kisha maswali. Hospitali gani? Picha za eksirei ziko wapi? Ngazi ilikuwa na urefu gani? Dada Wamaitha, anayefanya kazi idara ya dharura, alitaka kujua kama niliangukia mgongo au tumbo. Nikasema katikati. Aliandika kitu kwenye kijitabu.

Phineas naye alikuja. Aliomba kuliko wote, dakika kumi na moja, akatokwa na machozi. Kujipendekeza tu. Jerotich alikuwa amesimama pale pale akimwona.

Wamenipangia zamu ya kufunguliwa bendeji. Zaidi ya hayo, Mama Bilha ametangaza kwamba Jumamosi tarehe 13 nitatoa ushuhuda. Kwetu aliyeombewa lazima asimame aseme. Ukipona kimya kimya umemwibia Mungu utukufu, na chapati za watu umezila bure. Nimekula tisa.

Jumanne, 2 Juni

Zamu ya Mama Bilha. Kabla hajafika nilijifunga kwa blanketi na kujifanya nimelala. Mpango ulikuwa mzuri. Akaamua kuningoja niamke, na ili asikae bure akaniletea barua kutoka kwenye sanduku la posta.

Kati ya barua kulikuwa na kadi kubwa yenye sahihi za ofisi nzima. Pole kwa kuondokewa na mjomba wako. Imewekwa juu kabisa, haina hata bahasha ya maana.

Mama Bilha alipiga ukemi uliomtoa Anatoli bafuni na povu kichwani. Ala! Mtu amevunjika miguu, amefiwa, na hajamwambia mtu! Akanikumbatia. Nikasema nilikuwa nimeanguka kwenye ngazi kwa sababu ya habari za msiba. Sijui ilitoka wapi. Ilikaa vizuri sana lakini, mambo mawili yakawa moja. Jioni wamerudi kumi na wanne kwa matanga. Wameimba. Nimemlilia mjomba Njagi machozi ya kweli, ni mtu mwema, na ile redio bado sijaituma.

Alhamisi, 4 Juni

Zamu ya Jerotich. Nilinyoa ndevu, nikavaa lile shati ninalovaa kwenye harusi za wengine.

Alitoka kazini moja kwa moja, bado na viatu vyake vyeupe. Nikamwambia daktari amekataza bendeji kufunguliwa. Akauliza daktari gani. Nikasema hapendi kutajwa. Akafungua.

Alipapasa mguu mmoja kwa kidole, halafu wa pili. Kisha akauliza, taratibu, ni ngazi gani inayomkata mtu nyuma ya magoti yote mawili, mahali pamoja, urefu mmoja, halafu ikamshona kwa uzi mwembamba hivyo. Nikasema ilikuwa ile ngazi ya pande mbili.

Hakucheka. Heri angecheka. Aliniambia aliwahi kusoma habari za upasuaji huu kwenye jarida la kazini, hakudhani kuna Mkenya angekubali kufanyiwa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia mitungi ya gesi. Akainamisha kichwa. Akasema siku ile alicheka kwa sababu wote walicheka, na aliona haya njia nzima hadi nyumbani. Akaniomba msamaha. Akaongeza kwamba Jumapili ya kwanza alipokuja Greenbelt alinikuta nikipandisha viti vya chuma kanisani, vinane kwa mara moja, na miguu yangu ndiyo kitu cha kwanza alichokiona, akajiuliza huyu mtu asiyechoka ni nani.

Sijui niandike nini baada ya hapo. Naacha hivyo.

Alipomaliza kunifunga akasema hivi. Yeye ni muuguzi, siri ya mgonjwa haitoi. Lakini mama yake amefika kutoka Kapsabet, Jumapili tarehe 14 watapika, na mama anataka kumwona mtu wa bintiye, kama yuko. Nikisema ukweli mbele ya ushirika Jumamosi, huyo mtu anaweza kuwa mimi. Nikiuficha, nisimsumbue tena. Akasema hatafuti mwanaume wa miguu ya namna hii au ile. Anatafuta yule ambaye akisema ameanguka, basi ameanguka.

Alipoondoka nililia kidogo. Ni furaha. Kumbe ni ukweli tu! Masharti mepesi sana, nilidhani atataka ng'ombe.

Jumatatu, 8 Juni

Nimepima kwa futi ya fundi cherehani. Kabla ya upasuaji: sentimita 43. Leo: 45. Nimempigia daktari. Anasema ni uvimbe. Nimempa muda.

Ameagiza nivae viatu vya kisigino kirefu mpaka misuli ijinyooshe. Nikamkumbusha mimi ni mwanaume. Akasema misuli haijui. Nilizunguka na Anatoli maduka manne. Viatu vya kiume vyenye kisigino hapa Herndon ni vya aina moja tu: mabuti ya wachunga ng'ombe wa Texas. Nimenunua. Ya kahawia, yamechongoka mbele, yana maua ya uzi mwekundu ubavuni. Anatoli, ambaye hajawahi kumvunjia mtu heshima, alinitazama, akasema aisee, nafanana na mwanamuziki wa Kongo aliyeachwa na bendi yake.

Lakini natembea! Kwa madaha, hata.

Ijumaa, 12 Juni

Nimeandika ushuhuda. Huu hapa wote: Sikuanguka. Nilipunguzwa miguu kwa hiari yangu, nikawadanganya. Mjomba yu hai. Nisameheni.

Nimeusoma kwa sauti mbele ya kioo huku nikitazama saa. Sekunde tisa.

Mama Bilha amepiga simu. Nimepewa dakika kumi na tano. Kutakuwa na maikrofoni. Watu wanatoka Baltimore, wengine Temple Hills, wamesikia habari za miguu na mjomba. Nikamuuliza kama ninaweza kutumia dakika moja. Akasema nisimzimishe Roho.

Ni vigumu kuona jinsi sekunde tisa zitakavyojaza dakika kumi na tano. Nitaweka utangulizi kidogo tu. Salamu, jina, hali ya hewa. Kisha ukweli.

Jumamosi, 13 Juni

Ushuhuda umetolewa. Naandika yote kama yalivyokuwa.

Ukumbi ulijaa, watu walisimama hadi mlangoni. Jerotich aliketi mstari wa tatu. Kando yake mama mmoja mwenye kitambaa cha buluu kichwani, mnyoofu mgongoni, macho ni ya Jerotich kabisa. Nilisimama. Mabuti yalilia kwenye mbao. Nikasema Bwana asifiwe. Wakajibu kwa nguvu.

Nilianza vizuri. Nilisema nina jambo la kuungama. Nikasema jambo hilo linahusu ngazi. Hapo Mama Bilha akasema haleluya, na mama mmoja wa Baltimore akatoa kitambaa cha kufutia machozi. Sijawahi kumfanya mtu yeyote atoe kitambaa. Nikamtazama Jerotich. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayesema endelea.

Nikaendelea. Nilisema ngazi ilikuwa ya orofa ya tatu. Kulikuwa na moshi. Juu kulikuwa na bibi kizee, Mmarekani, jirani, na kiti chake cha magurudumu. Nilipofika dirishani simu ikalia mfukoni, sina simu ya mfukoni, ikawa ni habari za mjomba. Nikayumba. Nikachagua kumshika bibi badala ya kushika ngazi. Ukumbi ulilipuka. Watu walirukaruka. Wamaitha alifunga kijitabu chake akapiga makofi. Nilitumia dakika ishirini na mbili.

Nilipotazama tena mstari wa tatu, Jerotich alikuwa ameangalia mikono yake.

Kisha Phineas akaomba nafasi. Hakuwa kwenye ratiba. Akasema yeye hana la ajabu. Akasema kwamba siku ya Pasaka alimfanyia ndugu Elkanah mzaha mbele ya watu kuhusu miguu yake, na aliposikia miguu hiyo hiyo imeumia hakulala, akiona kwamba ni mdomo wake uliomletea mwenzake balaa. Akaniomba msamaha mbele ya wote, huku akilia. Dakika moja na nusu! Hakujua hata kumalizia. Nilimwonea huruma, mtu kujivua nguo hivyo mbele ya maikrofoni.

Nikamsamehe, kwa sauti. Wakashangilia tena. Mama Bilha ameniomba nirudie ushuhuda Temple Hills wiki ijayo. Wakati watu wakinishika mkono niliona Jerotich amempelekea Phineas kikombe cha maji. Huenda alikuwa na kiu.

Jumapili, 14 Juni

Saa nne nilikuwa nimevaa. Nilikaa kando ya simu. Saa sita ililia, ikawa mtu wa Baltimore anayetaka kujua jina la yule bibi kizee. Nikampa jina.

Saa saba Jerotich akapiga. Sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo ikanitisha. Alisema leo wanakula na Phineas. Alisema alinipa mlango ulio wazi nikaamua kupanda dirishani. Nikamweleza kuhusu dakika kumi na tano. Akaniambia nisiache kunyoosha misuli asubuhi na jioni, na niende nikatolewe nyuzi kabla hazijashikana na ngozi. Akakata.

Nimeumia. Naliandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma hapa. Nilimtaka yule dada, namtaka hadi sasa, na kuna mtu anakunywa mursik, maziwa ya mgando ya mama yake, kwenye kiti changu. Anatoli aliniletea chai, akakaa nami bila kuuliza kitu. Nikamwambia ni maumivu ya miguu.

Jumanne, 16 Juni

Nimetolewa nyuzi. Sentimita 42. Kwa hivyo nimepungua sentimita moja na mke mmoja.

Siku mbili nimewaza bila jazba. Phineas alifanya nini ambacho mimi sikufanya? Muda wake ulikuwa mfupi. Hakuwa na moshi, hakuwa na bibi kizee. Hakuna aliyeruka. Ukweli hauwezi kuwa ndio sababu, ukweli kila mtu anao. Basi ni kitu kingine, na leo nikinyoa nimekigundua. Phineas akilia mashavu yanabonyea. Ana dimpozi! Mbili! Na mimi nimehangaika na miguu, mahali ambapo hakuna anayetazama mtu akizungumza.

Nimetafuta kwenye kitabu cha simu. Kuna daktari upande wa Bethesda anayetengeneza dimpozi, kazi ya saa moja, mshono mmoja kila upande. Nimepiga. Binti wa mapokezi ni mpole sana. Nimepata nafasi Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Jina, umri, kazi, vyote akaandika. Mwisho akaniuliza kama nimewahi kufanyiwa upasuaji wowote.

Nikamwambia hapana, ila niliwahi kuanguka kutoka kwenye ngazi.